Nimeombwa niwafundishe wasichana kuongoza kwa huruma, na ofisini mwangu wananiogopa

"Mwalimu, hujambo. Nina miaka 29. Nilisoma shule ya wasichana ya Kikatoliki hapa Nairobi na nilikuwa kiranja wa bweni. Sasa nasimamia watu 11 katika kampuni ya kusafirisha mizigo, Barabara ya Mombasa. Sista mkuu amenialika nizungumze na wasichana wa Kidato cha Nne baada ya misa ya kuwaaga, na mada niliyopewa ni kuongoza kwa huruma. Shida ni kwamba sijui kama mimi mwenyewe naiamini. Kuna dada ninayemsimamia, ana mtoto mchanga, anakaa mtaa wa Pipeline, na kila mara anachelewa. Mara tatu nilimfichia, nikabaki ofisini hadi usiku nikimalizia kazi yake. Bosi akagundua, akaniambia mimi ni laini, sifai kuongoza. Wiki iliyofuata alipochelewa tena nilimfokea mbele ya watu wote. Alilia chooni. Tangu siku hiyo wote wananikwepa, na wiki jana walinificha kosa la hati ya mzigo kwa siku mbili. Nikiwa mpole naonekana mjinga, nikiwa mkali naonekana katili. Niwaambie nini wasichana hawa bila kuwadanganya? Na mimi mwenyewe nifanyeje?"

Binti yangu,

Hotuba itangoja kidogo. Nianze na huyo dada wa Pipeline, maana yeye ndiye mada yenyewe, na wasichana wa Kidato cha Nne humtambua upesi mtu anayesema asichokiishi.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta jambo moja: kwa nini anachelewa? Halimo. Umeniambia ana mtoto mchanga, umeniambia anakaa Pipeline, ukaniachia nijazie mwenyewe. Nami nilijazia haraka: mama wa deikea hafungui mapema, steji imejaa, foleni imeshika. Kisha nikajizuia. Sijui lolote kati ya hayo, na nadhani hata wewe hujui. Ulimfichia mara tatu bila kumuuliza, na mara ya nne ukamfokea bila kumuuliza. Wenzenu waliona msimamizi aliyegeuka ghafla kutoka mpole hadi mkali. Mimi naona mtu yule yule mara zote nne, mtu ambaye bado hajamtazama huyo dada usoni.

Ndiyo maana siwezi kukubali unaposema huruma umeijaribu na imekushinda. Ulichojaribu ni kumbebea mzigo wake kimyakimya, na hilo lilikusaidia wewe zaidi kuliko yeye. Kumwona amefika mbio, anahema, ameshika simu na mkoba mkono mmoja, kulikuuma, na kumalizia kazi yake usiku kukakutuliza. Bosi naye alipokuchoma, kufoka kukakutuliza vilevile. Dada yule hali yake ilibaki pale pale: siku ya tano angechelewa tena, kwa sababu ile ile usiyoijua.

Sikusemi ili nikuaibishe. Nimefundisha katika shule za masista kwa miaka 22 kabla ya kuingia katika ushauri nasaha, na nadhani najua mlikojifunzia hivi. Huruma tuliwafundisha Jumamosi. Tuliwapanga mistari, mkabeba unga, sukari na sabuni, mkaenda kwenye nyumba ya watoto yatima, mkaimba, mkacheza nao, mkarudi kabla ya saa kumi na moja. Uongozi tuliwafundisha Jumatatu. Tuliwapa beji na daftari la kuandika majina ya wanaopiga kelele wakati wa masomo ya jioni, na kiranja aliyeleta majina mengi ndiye tuliyemsifu. Kwa hiyo mliondoka shuleni mkijua kumhurumia mtu wa mbali, msiyekuwa na mamlaka juu yake na ambaye hamtakutana naye tena hadi muhula ujao. Mtu aliye chini yenu, mnayemwona kila siku, mnayepaswa kumdai kazi, huyo tuliwafundisha kumwandika jina. Mambo hayo mawili hatukuyakutanisha hata siku moja, na ninapokumbuka miaka ile najua kosa hilo ni letu.

Sasa nikueleze jinsi huruma inavyofanya kazi ndani ya mtu, kwa sababu wengi huichanganya na kitu kingine kinachofanana nayo.

Unapomwona mtu anaumia, jambo la kwanza linalokujia ni kuumia pamoja naye. Tumbo linakaza, unataka maumivu yale yaondoke, yake na yako. Hapo ndipo wengi husema "nina huruma sana". Lakini kuumia pamoja na mtu na kumhurumia ni mambo mawili tofauti, hata kwenye ubongo. Watafiti Tania Singer na Olga Klimecki, wakifanya kazi Leipzig nchini Ujerumani, waliwafunza watu kwanza kuingia katika maumivu ya wengine, kisha wakawafunza watu hao hao kumtakia mema anayeumia na kuielekeza nia yao kwake. Baada ya mafunzo ya kwanza, washiriki walipotazama video za watu wanaoteseka, walizidiwa na hisia mbaya. Baada ya mafunzo ya pili hisia hizo zilipungua na hisia njema zikaongezeka, na sehemu za ubongo zilizowaka zilikuwa nyingine. Video zilikuwa za mateso ya aina ile ile.

Kwako wewe maana yake ni hii. Anayeumia tu pamoja na mwenzake huchoka, na akichoka hufanya moja kati ya mawili: ama hulibeba tatizo lote ili lisionekane, ama humgeukia aliyelileta kwa hasira. Wewe umefanya yote mawili ndani ya mwezi mmoja. Huo ni uchovu wa mtu anayejali lakini hakuwahi kuonyeshwa hatua inayofuata, na hatua hiyo hufundishika. Sitakukubalia ukiniambia una moyo mbaya.

Kama ulikuwa YCS shuleni, chama cha wanafunzi vijana Wakristo, hatua zenyewe unazijua tayari. Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji aliwafundisha vijana wafanyakazi njia ya maneno matatu, na jumuiya zetu ndogo ndogo bado zinaitumia: kuona, kuamua, kutenda. Wengi wetu tunaruka la kwanza. Tunaamua na kutenda kabla hatujaona.

Na kinachotuzuia kuona, mara nyingi, ni haraka. Mwaka wa 1973 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Daniel Batson, walichapisha jaribio walilolifanya na wanafunzi wa seminari ya Princeton. Kila mwanafunzi alitumwa jengo jingine kwenda kutoa hotuba fupi, na baadhi yao hotuba yao ilikuwa juu ya mfano wa Msamaria Mwema. Njiani alikuwepo mtu ameinama mlangoni, anakohoa na kugumia. Wasiokuwa na haraka, karibu 6 kati ya 10 walisimama kumsaidia. Walioambiwa wamechelewa na waharakishe, alisimama 1 kati ya 10. Wapo waliompita mtu yule wakiwa wamebeba kichwani hotuba ya Msamaria. Kuwa na hotuba ya huruma hakukubadilisha chochote. Kuwa na dakika chache ndiko kulikobadilisha.

Nakuomba jaribio hilo ulikumbuke, kwa kuwa wewe nawe umealikwa kutoa hotuba ya aina hiyo hiyo. Kumbuka pia ulimfokea dada yule saa ngapi. Nadhani ni asubuhi, malori yamepanga langoni, simu mbili zinalia, na maneno ya bosi bado yanakuchoma. Katika dakika kama hiyo hata mtakatifu hamwoni mtu. Weka kanuni moja kwako mwenyewe: asubuhi pokea taarifa tu, "umefika saa mbili na nusu, tutazungumza saa nane", na mazungumzo yenyewe yafanyike saa nane.

Na mfano wenyewe wa Msamaria, ambao wasichana hao wanaujua kwa kichwa, usome tena katika Luka sura ya 10, polepole. Watu watatu walimwona majeruhi. Wa tatu "alipomwona alimhurumia". Angalia alichofanya baadaye. Alimfunga jeraha, akamtia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha nyumba ya wageni, akamuuguza usiku ule. Kesho yake akatoa dinari mbili, akampa mwenye nyumba, akamwambia akigharimu zaidi atamlipa atakaporudi. Kisha akaendelea na safari yake. Hakuhamia pale, hakuacha biashara yake, wala hakujifanya mwenye nyumba ya wageni. Alijua kazi yake inaishia wapi na ya mwingine inaanzia wapi, akalipa, na akaahidi kurudi. Wema usizidi uwezo, wazee walisema, na huyu aliupima uwezo wake vizuri. Wewe ulipobaki hadi usiku ukimalizia kazi ya mtu mwingine bila yeye kujua, bila bosi kujua, ulitaka kuwa Msamaria, punda na nyumba ya wageni kwa wakati mmoja.

Kuhusu ile hati ya mzigo iliyofichwa siku mbili, hapo ndipo bosi wako anapokosea, na inafaa umweleze kwa utulivu. Anadhani msimamizi mkali hupunguza makosa. Katika miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Marekani alichunguza vikundi vya wauguzi hospitalini, akitarajia kwamba vikundi vyenye uongozi mzuri vitakuwa na makosa machache ya dawa. Akakuta vikundi hivyo vimeandikisha makosa mengi zaidi. Alipochimba akaelewa: hawakukosea zaidi ya wengine, ila hawakuogopa kusema. Kwingine makosa yalikuwepo vilevile, yamefunikwa, yakimngoja mgonjwa. Watu wako 11 walijifunza jambo asubuhi ile ulipofoka, na si dada wa Pipeline peke yake. Walijifunza kwamba taarifa mbaya ikikufikia inamgeukia aliyeileta. Lori likipelekwa bandari kavu na hati yenye nambari isiyo sahihi, gharama yake ni ya kampuni, na ukali ule hautaifidia.

Lakini usinielewe kwamba nakutaka urudi kwenye ulaini. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Msimamizi asiyemwambia mtu ukweli kuhusu kazi yake anamhukumu kusikia ukweli huo siku anapokabidhiwa barua ya kufukuzwa. Nimekaa na wanawake wengi waliofukuzwa kazi, na kilio ninachokisikia mara kwa mara ni hiki: "Hakuna aliyeniambia." Msimamizi wao alikuwa mpole kwao. Alikuwa mpole hadi siku ile.

Nikitafuta mfano wa huruma yenye kipimo, sihitaji kwenda mbali. Wangari Maathai alilelewa na masista wa shule za Kikatoliki, kwanza Mathari kule Nyeri, kisha Loreto Limuru, kabla ya kwenda Marekani mwaka wa 1960 kusoma chuo cha Wabenediktini huko Kansas. Katika miaka ya 1970 aliwasikia wanawake wa vijijini wakilalamika kwamba kuni ziko mbali, maji yamekauka na chakula cha watoto kimekuwa duni. Angeweza kuwapelekea unga. Mwaka wa 1977 akaanza kupanda nao miti, na kazi ilipokua wanawake wakawa wanalipwa malipo madogo kwa miche yao. Sikiliza kipimo chake: walilipwa kwa mche ulioshika na kuota, si kwa mche uliochomekwa tu ardhini. Aliwaamini wanawake ambao hawakuwa wamesoma misitu popote kwamba wanaweza kulea mti hadi usimame, na akawadai wausimamishe. Anayekudai kitu anakuheshimu.

Mwanamke huyo huyo, Februari 1992, alikwenda kukaa Uhuru Park na akina mama waliotaka wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Machi 3 polisi wakawavamia kwa rungu na gesi ya machozi, naye akapigwa hadi akazirai. Akina mama wakahamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, hatua chache kutoka pale, na wakaendelea kukesha humo karibu mwaka mzima, na wafungwa wengi wakaachiliwa. Huo ulaini anaousema bosi wako uko wapi hapo?

Basi, la kufanya. Kwanza, mwombe radhi, na uombe mbele ya wale wale uliomfokea mbele yao. Maneno machache yanatosha: "Juzi nilimkosea mwenzetu. Kuchelewa tutakuzungumza mimi na yeye. Kumfokea vile hakukuwa sawa, na sitarudia." Usieleze bosi alikuambia nini. Usiseme ulikuwa na siku mbaya. Najua utaogopa kwamba watakudharau. Baadhi watajaribu, siku mbili tatu. Wengi watapumua.

Pili, kaeni wawili, mahali pasipo na dirisha la watu kuchungulia, mkiwa mmeketi wote. Anza na ukweli wa kazi, bila kivumishi: umechelewa tarehe hizi, kwa muda huu, na hiki ndicho kilichotokea kwa mzigo. Halafu muulize: "Nisaidie nielewe asubuhi yako inaendaje tangu unapoamka." Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Utataka kumjazia majibu, utataka kumwambia pole, utataka kumpa ushauri wa deikea nyingine. Subiri. Akimaliza, muulize anaona nini kinaweza kubadilika, kwa maana yeye ndiye anayeijua asubuhi ile.

Anaweza kukuambia jambo linalotatulika kirahisi, kwamba akipewa zamu ya saa tatu hatachelewa kabisa. Hapo nenda kwa bosi na pendekezo kamili lenye saa na majina, waziwazi, usifiche tena chochote. Anaweza kukuambia jambo zito zaidi: mume anayempiga, mtoto anayeugua, au yeye mwenyewe tangu ajifungue hapati usingizi na hana hamu ya kitu. Hayo hayako kwenye uwezo wako kama msimamizi; kazi yako hapo ni kumfikisha kwa anayeweza, na kumpa muda wa kufika. Anaweza pia, na hili nalo hutokea, kukosa sababu yoyote ya maana. Kazi haimpendezi, basi. Mtu wa aina hiyo naye anastahili huruma, na huruma yake ni kuambiwa wazi nini kitafuata na lini.

Mkikubaliana, andikeni: saa ya kufika, tarehe ya kutazama tena, labda baada ya wiki tatu. Ikishindikana kabisa na mkafika kwenye kumwachisha, sheria yetu haikuruhusu kumwondoa kwa hasira ya asubuhi moja. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu za kutaka kumwachisha kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, na amsikilize, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Kila nikisoma kifungu hicho naona ni huruma iliyoandikwa na wanasheria: kabla ya kuamua, msikilize, na asiwe peke yake.

Nikupe kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Katika shule mojawapo niliyofundisha, msichana wa Kidato cha Pili alikamatwa akiiba sodo kwenye sanduku la mwenzake. Bweni zima lilikuwa limeshapiga kelele, kiranja amemshika mkono, jina limeshaandikwa. Sista aliyekuwa msimamizi wa bweni alimwingiza ofisini, akafunga mlango, akamimina chai vikombe viwili. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikisahihisha mitihani. Hakumuuliza kwa nini aliiba. Alimuuliza, "Umekuwa ukitumia nini miezi hii yote?" Mtoto alikaa kimya mpaka chai ikafanya utando juu, ndipo akasema: vipande vya blanketi. Sista hakulia. Aliinuka akaandika kwenye daftari lake. Msichana aliomba radhi kwa mwenzake na akaosha masufuria ya jikoni wiki nzima, adhabu ile ile ambayo mwingine angepata. Jumatatu iliyofuata kabati la zahanati lilikuwa na boksi la sodo ambalo yeyote angeweza kufungua bila kuandika jina. Miaka yote niliyobaki pale sikumbuki kesi nyingine ya wizi wa aina ile.

Hilo ndilo ningekuomba uwafikishie wasichana wako. Usiwaambie wawe na moyo mwema. Wanao, na wameambiwa hivyo tangu darasa la kwanza. Waonyeshe swali la yule sista. Kisha wasimulie kisa chako chenyewe, mara tatu za kuficha na mara moja ya kufoka, na ulichokikuta ulipouliza. Usijisafishe. Msichana wa miaka 18 aliye na beji kifuani anajua kabisa jina la nani aliliandika wiki jana bila kumuuliza mwenyewe.

Kama utataka kuwapa mtu wa kumkumbuka, wape Sista Irene Stefani wa shirika la Konsolata. Alifika Kenya mwaka wa 1915 akitoka Italia, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto aliwauguza wapagazi wa jeshi la Waingereza, wale wa "Carrier Corps", au Kariakoo, ambao soko letu la Kariakor limebeba jina lao, huko Voi, Kilwa na Dar es Salaam. Wapagazi hao walikuwa wakifa kwa wingi kwa kuhara na homa. Baadaye alihudumu Gikondi, Nyeri, na watu wakamwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Alifariki Oktoba 31, 1930, baada ya kumuuguza mwalimu aliyekuwa na tauni, na mwaka wa 2015 akatangazwa mwenyeheri hapo Nyeri. Jina lile hakujipa. Alipewa na watu aliowahudumia, na watu hawampi mgeni jina kama hilo kabla hajakaa nao muda mrefu akiwasikiliza kwa lugha yao.

Lakini hapo weka tahadhari, na uitamke kwa sauti hata kama masista wameketi mstari wa mbele. Wasichana wetu wanaambiwa huruma mara nyingi kuliko ndugu zao wa kiume, na mara nyingine wanaposikia neno hilo wanasikia "vumilia". Wakifika kazini ndio watakaoombwa kupika chai ya mkutano, kununua keki ya kumuaga mwenzao, kubaki na mteja anayetukana. Waambie kwamba anayeongoza kwa huruma hujihesabu na yeye miongoni mwa watu. Waambie kwamba bosi anayewashika, anayewatumia ujumbe usiku au anayewadai mapenzi ili wapate kazi hahitaji kuvumiliwa, anahitaji kushtakiwa. Sheria ya Ajira inautambua unyanyasaji wa kingono kazini katika kifungu cha 6. Kumsamehe mtu na kumripoti vinaweza kwenda pamoja. Hili nalisisitiza kwa sababu nimewaona wasichana wazuri waliosoma shule zetu wakinyamaza miaka miwili kwa kudhani kusema ni kukosa upendo.

Sasa wewe. Umeniandikia kama mtu aliyechoka, na uchovu mwingine hauishi kwa ushauri wa kuandikwa. Kama kwa wiki mbili au zaidi usingizi umekupotea, hamu ya chakula au ya watu imekwisha, unalia bila kujua sababu, au kila Jumapili jioni kifua kinabana ukifikiria Jumatatu, nenda ukamwone mshauri nasaha aliyesajiliwa au daktari, ana kwa ana. Ukijikuta unafikiri kwamba heri usiwepo, usingoje miadi: mwambie mtu aliye karibu nawe leo hii, au piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Na dada yako wa Pipeline akikuambia anapigwa nyumbani, mpe nambari 1195, nayo ni ya bure, na mwache aipige kutoka simu ya ofisi mlango ukiwa umefungwa. Akikuambia kwamba tangu ajifungue anaogopa kumshika mtoto wake au anapata mawazo ya kumdhuru, hilo ni la hospitali siku hiyo hiyo, na umsindikize mwenyewe.

Tarehe ya misa hukunitajia. Kama bado kuna wiki mbili, zinatosha. Zungumza naye kabla ya kuandika hata sentensi moja ya hotuba yako, halafu niandikie tena. Sihitaji unieleze ulimwambia nini. Nataka kujua yeye alikujibu nini ulipomuuliza asubuhi yake inaendaje.